Istilahi za Kuamulia: "Kumbukumbu", "Toleo" na "Nyepesi" Mbele ya Kompyuta Kuukuu

Utangulizi

Istilahi hupimwa kwa vipimo vingi. Wapo wanaoipima kwa ufupi wake, wapo wanaoipima kwa asili yake, na wapo wanaotazama jinsi inavyonyambulika. Makala haya yanakusudia kuipima kwa kipimo ambacho, kwa maoni yetu, hakijapewa uzito unaostahili, yaani: mtu anayeisoma istilahi hiyo huku ana jambo la kuamua, je, huamua sawasawa?

Jambo tulilolichagua liwe uwanja wa kipimo hicho ni dogo kwa sura, lakini linawakabili watu wengi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, uliotolewa mwaka 2021, hudai prosesa za miaka ya karibuni na chipu ya usalama ya aina maalumu. Kwa hiyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hukataliwa, ijapokuwa skrini zake ni nzima na vitufe vyake vyaandika. Njia mojawapo ya kuziokoa mashine hizo ni kuziwekea Linux, mfumo ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991 na ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuurekebisha. Lakini Linux haiji kwa sura moja. Sura zake ni nyingi, na si kila moja inaifaa kila mashine. Lazima mtu achague.

Basi tumfikirie mwalimu wa shule ya sekondari katika Milima ya Upare, tuseme juu ya Gonja au Mamba, wilayani Same. Ana kompyuta mpakato ya miaka kumi na tatu, betri yake haishiki tena, na umeme wa huko hukatika pasipo taarifa. Kila anapotaka msaada wa fundi hana budi kushuka mjini Same kwa nauli. Mtu wa namna hii hana nafasi ya kukosea mara tatu ndipo apatie. Shauri atakalolisoma kwa Kiswahili lazima lifae mara ya kwanza. Tutaonyesha kwamba, kwa maneno tuliyo nayo sasa, shauri hilo laweza kuwa sahihi kwa kila neno na bado likampoteza.

Kazi iliyokwisha kufanyika

Si kweli kwamba Kiswahili hakikushughulikia uwanja huu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulikusanya istilahi za kompyuta na kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows na ya programu zake za ofisi. Baadaye simu za mkononi zilieneza maneno kama "pakua", "sakinisha", "nenosiri" na "mipangilio" hadi kwa watu wasiopata kugusa kompyuta hata siku moja. Hiyo ni kazi kubwa, na haifai kubezwa.

Hata hivyo, kazi hiyo ilikuwa na mpaka wake. Istilahi zilizotafutwa zilikuwa za vitufe na orodha za skrini: "hifadhi", "futa", "chapa", "funga". Neno la kitufe husaidiwa na mahali lilipo. Likikosewa, mtumiaji hubonyeza, huona matokeo, kisha hujifunza. Istilahi za kuamulia hazina msaada huo. Mwenye kuchagua mfumo husoma kwanza, kisha hutumia fedha au hufuta kilichomo katika mashine yake, na matokeo huyaona baadaye. Neno lisilo wazi katika kitufe huleta usumbufu, bali neno lisilo wazi katika shauri huleta hasara. Kwa bahati mbaya, maneno matatu yanayotumika sana katika mashauri haya ni miongoni mwa yale yasiyo wazi.

Neno "kumbukumbu"

Neno hili ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, kwa hiyo tutalichunguza kwa urefu.

Kompyuta ina sehemu mbili zinazowekwa mambo. Ya kwanza ni ile ambayo mafundi wote huiita RAM. Humo huwekwa kinachofanyiwa kazi wakati huo, na umeme ukikatika hufutika chote. Ya pili ni diski, ambamo mafaili hukaa hata mashine ikizimwa mwaka mzima. Istilahi iliyozoeleka katika orodha zetu kwa sehemu ya kwanza ni "kumbukumbu". Lakini neno hilohilo hutumika madukani kwa sehemu ya pili. Husikika "kompyuta hii ina kumbukumbu ya GB 500", na anayesema hivyo anamaanisha diski.

Utata huo peke yake ungetosha kuleta hasara. Mwalimu wetu anaambiwa kwamba mashine yake ni nzito kwa sababu "kumbukumbu ni ndogo". Anashuka Same, anatoa akiba yake, anarudi na diski kubwa zaidi ya aina ileile. Mashine inabaki nzito kama ilivyokuwa, kwa kuwa kilichopungua kilikuwa RAM. Alichoambiwa kilikuwa kweli, na alichokinunua ndicho kiitwacho kwa jina lile.

Lakini liko jambo baya zaidi, nalo latokana na maana ya neno lenyewe. Kwa mtumishi wa serikali, "kumbukumbu" ni namba iandikwayo juu ya barua, ni muhtasari wa mkutano uliowekwa jaladani, ni nyaraka zilizotunzwa ili zisipotee. Kwa lugha ya kila siku, kilicho katika kumbukumbu ni kilichookoka kusahauliwa. Sasa tazama: sehemu ya kompyuta iliyopewa jina hilo ndiyo isahauyo kila kitu umeme unapokatika. Istilahi haikukosa tu kuonyesha maana, bali imeonyesha kinyume chake.

Madhara yake si ya kubuni. Miongoni mwa sura za Linux zinazopendekezwa kwa mashine kuukuu ni Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003. Wepesi wake unatokana na utaratibu wake wa kujipakia mzima katika RAM. Kwa desturi, kazi za mtumiaji huhamishiwa katika diski au flashi wakati wa kuzima mashine, au kila baada ya muda uliopangwa, au mtumiaji anapoamuru. Mfasiri mwaminifu ataeleza utaratibu huo hivi: "Puppy huweka kila kitu katika kumbukumbu." Sentensi haina kosa la sarufi wala la istilahi. Mwalimu ataisoma na kuridhika kwamba mitihani yake imo katika kumbukumbu, yaani imetunzwa. Saa mbili usiku umeme unakatika, betri haishiki, na maswali aliyoyatunga tangu jioni hayapo. Sentensi iliyokusudiwa kumtahadharisha ndiyo iliyomtuliza.

Pendekezo letu ni kwamba neno "kumbukumbu" lisisimame peke yake katika maandishi ya kompyuta. Sehemu ya kwanza iitwe "kumbukumbu ya kazi", na kila inapotajwa mara ya kwanza ifuatane na neno RAM, ambalo fundi wa Same na fundi wa Kariakoo wote wanalijua. Sehemu ya pili iitwe "hifadhi", kama simu zetu zinavyoiita sasa.

Mtu ataweza kutupinga kwamba "hifadhi" nalo lina maana nyingine, hasa kwa watu wa Same, wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Pingamizi hilo linatusaidia kulieleza jambo vizuri zaidi. Neno kuwa na maana mbili si kosa, kwani lugha zote zinaishi hivyo. Kosa ni maana ya zamani kumvuta msomaji kwenda upande usiofaa. Hifadhi ya wanyama ni mahali panapotunzwa vilivyomo visiangamie, na hifadhi ya kompyuta ni vivyo hivyo. Anayeanza kuelewa kwa maana ya kwanza atafika salama katika maana ya pili. Kwa "kumbukumbu" hafiki.

Kama mwalimu atataka kuwaeleza wanafunzi tofauti ya sehemu hizi mbili, Upare umempa mfano tayari. Wakulima wa milima hii tangu kale huchimba ndiva, yaani bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe asubuhi kuelekea mashambani. Ndiva hujazwa na kumwagwa, na asubuhi inayofuata hakuna atazamiaye kuyakuta maji ya jana. Kumbukumbu ya kazi ni ndiva. Hifadhi ni msitu wa Shengena, unaoyashika maji ya masika hadi kiangazi. Hatupendekezi "ndiva" liwe istilahi ya taifa. Twasema tu kwamba lugha za makabila yetu zaweza kutoa zaidi ya maneno ya kukopa, kwa maana zatoa pia njia ya kueleza. Na kuhusu kukopa, wasomaji watakumbuka kwamba neno "kitivo", linalotumika leo katika kila chuo kikuu chetu, hutajwa kuwa limetoka katika lugha za milima hii, Kipare na jirani yake Kisambaa.

Neno "toleo"

Sura za Linux tulizozitaja hutengenezwa na vikundi mbalimbali. Kila kikundi huchukua kiini, hukiongezea programu, hukipa mapambo yake na jina lake, kisha hukigawa kwa watu. Debian ni kimoja, Ubuntu ni kingine, Linux Mint, antiX na Puppy vilevile. Kitu hiki kwa Kiswahili kimepewa majina kadhaa, na hakuna hata moja lililotulia.

Wako waliosema "usambazaji". Neno hili ni la kitendo, wala halitaji kitu. Mtu hawezi kubeba usambazaji katika flashi. Wengine wangependa "mgao". Hili ni la kitu, lakini nchini Tanzania mgao ni wa umeme, na maana yake ni kukosa. Wengi basi wamekimbilia "toleo", na hapo ndipo tatizo linapoanza. "Toleo" lina kazi nyingine tayari, ambayo hakuna neno jingine linaloweza kuifanya: hutaja hatua za kitu kimoja kinachotolewa upya mara kwa mara, kama kitabu kilichosahihishwa. Debian 12 ya mwaka 2023 ni toleo, na Debian 13 ya Agosti 2025 ni toleo jingine la kitu kilekile.

Neno moja likibeba mambo yote mawili, shauri lililo jema huharibika. Mwenye mashine kuukuu huambiwa, "Tafuta toleo linalofaa kompyuta za zamani." Naye, kwa akili ya kawaida, hutafuta toleo la zamani. Hupata mfumo uliotolewa miaka kumi na miwili iliyopita, huuweka, na mashine hukimbia. Asilolijua ni kwamba mfumo huo haurekebishwi tena, kila tundu lililogunduliwa tangu siku hiyo liko wazi, na kivinjari chake hushindwa kufungua kurasa nyingi za siku hizi. Kanuni ya kweli ni hii: kompyuta kuukuu hutaka toleo jipya la Linux isiyo na mzigo mkubwa, wala haitaki toleo la zamani la Linux yenye mzigo mkubwa. Kwa msamiati wetu wa sasa kanuni hiyo haisemeki ila kwa kuzunguka.

Tunapendekeza neno "mkusanyo". Hutaja kitu badala ya kitendo, lina wingi wake wa kawaida, nalo laeleza kile hasa kilichofanyika, yaani kiini na programu vimekusanywa pamoja na mtu mmoja au kikundi. Tukiwa nalo twaweza kuandika: "Chagua mkusanyo mwepesi, kisha uchukue toleo lake la karibuni." Sentensi hiyo fupi yatosha kumwepusha mwalimu na hatari tuliyoieleza.

Ubora wa mtengano huu waonekana pia katika suala la biti. Kompyuta za kale kabisa ni za biti 32, na mikusanyo inaziacha moja baada ya nyingine. Lubuntu iliacha kuzihudumia tangu toleo la 19.04 la mwaka 2019. Debian 13 haitoi tena kiini wala kisakinishi kwa ajili yake. antiX 23, ya mwaka 2023, ilitolewa kwa biti 32 na kwa biti 64. Habari hizi zote ni za mikusanyo na matoleo kwa pamoja, na asiye na maneno mawili hawezi kuzieleza.

Neno "nyepesi"

Neno la tatu ni la Kiswahili safi, lisilo na asili ya kugombaniwa, na labda ndiyo sababu hakuna aliyelitilia shaka. Katika Kiswahili kitu chepesi ni kile kisicho na uzito, lakini pia ni kile kisicho kigumu, na pia ni kile kifanyikacho upesi. Somo jepesi ni somo lisilosumbua akili. Mtoto mwepesi ni yule ashikaye haraka.

Mwalimu anaposoma "Linux nyepesi" hupokea ahadi tatu kwa mara moja: haitailemea mashine, itakwenda kasi, na yeye mwenyewe haitamsumbua. Ahadi ya kwanza ni ya kweli, ya pili ni ya kweli kwa kiasi, na ya tatu aghalabu ni ya uongo. antiX hutumia kidogo sana cha kumbukumbu ya kazi, kwa sababu imeondoa mambo mengi ambayo mikusanyo mingine humfanyia mtumiaji kimyakimya. Mgeni atakuta mpangilio asiouzoea na mambo ya kurekebisha kwa mkono. Linux Mint yenye sura ya Xfce hutaka zaidi: watengenezaji wake wanataja GB 2 za RAM kuwa kima cha chini na GB 4 kwa kazi ya starehe. Lakini aliyezoea Windows huishika mara moja. Yaani mkusanyo ulio mwepesi kwa mashine ni mgumu kwa mwalimu, na ulio mwepesi kwa mwalimu ni mzito kwa mashine. Neno letu haliwezi kusema lipi ni lipi, hali jambo hilo ndilo analopaswa kuliamua.

Hapa hatuhitaji neno jipya. Sarufi yatosha. Kivumishi kipewe kijalizo chake kila mara: "nyepesi kwa mashine", na kwa upande wa pili "rahisi kwa mtumiaji". Mfasiri atakayeona uvivu kuongeza maneno mawili na akumbuke nauli ya kutoka Mamba hadi Same.

Ahadi ya pili nayo inahitaji tahadhari. Wepesi wa mfumo hauwi wepesi wa kivinjari. Kurasa za tovuti za leo hula kumbukumbu ya kazi kwa kiasi kilekile katika kila mkusanyo. Mashine yenye GB 1 ya RAM yaweza kufunguka upesi chini ya antiX na kuandika barua bila taabu, kisha ikalemewa mara tu kurasa tatu za tovuti zinapofunguliwa. Mwandishi wa mwongozo aseme wazi kwamba mfumo ni mwepesi kwa kazi gani.

Maneno yasiyotuhitaji

Kwa kulinganisha, maneno yaliyogombaniwa zaidi ndiyo yenye hatari ndogo. Miaka mingi imetumika kujadili kama mashine hii iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Watumiaji wa Tanzania wameamua: ni kompyuta, na hakuna aliyepoteza kazi yake kwa sababu ya jina hilo. "Kompyuta mpakato" ni jina zuri, kwani hutukumbusha mtoto aliyepakatwa, na anayesema "laptopu" naye anaeleweka. "Sakinisha" limekubalika katika maandishi, ingawa fundi bado husema "kupiga Windows", nao mwalimu na fundi hawapotezani kwa hilo. Ingefaa nguvu zilizotumika katika mabishano hayo zihamishiwe kwenye maneno ambayo hayapigiwi kelele lakini yanapoteza watu.

Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu tunatoa mapendekezo manne kwa wafasiri na kwa vyombo vinavyosanifu istilahi. Kwanza, "kumbukumbu ya kazi" itofautishwe daima na "hifadhi". Pili, "mkusanyo" litumike kwa kazi ya kikundi kimoja, na "toleo" libaki kwa hatua zake. Tatu, "nyepesi" lisiandikwe bila kusema ni kwa nani au kwa kazi gani. Nne, kabla istilahi haijaidhinishwa, iwekwe katika sentensi ya shauri na kupewa mtu asiye mtaalamu, kisha aulizwe angefanya nini. Jibu lake likitofautiana na kusudi la mwandishi, istilahi irudishwe.

Na kwa kuwa si haki kumwacha mwalimu wetu njiani, tuliandike shauri lake kwa maneno tuliyoyapendekeza: "Mwalimu, kama kompyuta yako ni ya biti 64 na ina RAM ya GB 4, chukua Linux Mint Xfce, maana ni rahisi kwa mtumiaji. Ikiwa na GB 2 au pungufu, au ikiwa ni ya biti 32, chukua antiX, iliyo nyepesi kwa mashine, na utenge siku mbili za kuizoea. Puppy itakusaidia mahali pengine pote paliposhindikana, lakini kazi yako itakuwa katika kumbukumbu ya kazi, na umeme ukikatika itapotea, kwa hiyo ihamishie katika hifadhi kila baada ya ukurasa. Kabla ya kusakinisha chochote, jaribu mkusanyo kutoka katika flashi, na unakili mafaili yako mahali pengine. Kila mara chukua toleo la karibuni."

Shauri hilo halina neno gumu. Wahariri na walimu watakaoliona lina kasoro walijaribu kwa watu wao na kutuletea matokeo, kwani kasoro itakayogunduliwa kwa njia hiyo itakuwa na faida kuliko sifa.